Mistari Elfu Tisa ya Mzee Kan

Treni ilitoka kwenye handaki la mwisho, bahari ikajitokeza upande wa kushoto, ya kijivu kama sufuria kuukuu. Pei-jung hakuwahi kufika mji huu wa pwani, Toucheng. Alibeba mwavuli, kompyuta na swali moja ambalo barua pepe za majuma matatu hazikuweza kulijibu: tantsite ni nini?

Neno hilo lilikuwa ndani ya kiendeshi, yaani programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa fulani. Hiki kilikuwa cha kidude cha kunasia waifai, katika mfumo huria ambao mtu yeyote duniani anaweza kuufungua na kuurekebisha. Mzee Kan Ho-tsuan alikiandika peke yake miaka kumi na saba iliyopita, mistari elfu tisa, kwa kubahatisha na kujaribu tena. Kilikuwa shaghalabaghala kama stoo ya bibi, lakini kilifanya kazi.

Pei-jung alikuwa ameandika kipya, kisafi, mistari elfu mbili tu. Wakaguzi walikisifu. Kisha malalamiko yakaanza kuja, la kwanza kutoka maktaba moja ya milimani: asubuhi za baridi na unyevu, kidude hakiamki. Kuna hatua moja aliyokuwa ameiondoa, hiyo tantsite. Mkaguzi mmoja wa mbali alishikilia kwamba ni tan ya hesabu za pembe, na haina kazi pale.

Kile cha zamani kilikuwa kifutwe Jumatatu. Kwa desturi yao, mlezi wa programu, yaani anayeitunza, huombwa ridhaa kwanza. Akinyamaza, jina lake huondolewa na kazi yake huandikwa “yatima” kabla ya kufutwa. Aliyepaswa kuliandika neno hilo ni Pei-jung, na mkono ulimwia mzito.

Alikuta mlango wa Mzee Kan wazi, sebule imejaa maboksi.

“Wewe ndiye wa gari la mizigo?” mzee akauliza.

“Hapana, baba mkubwa. Mimi ndiye ninayekufuta.”

Mzee akamtazama miguuni. “Basi vua viatu kwanza.”

Akamtilia chai. Jioni hiyo, alisema, binti yake angekuja kumchukua akaishi naye mjini Taichung. Barua pepe zote za Pei-jung alikuwa amezisoma.

“Mbona hukujibu?”

“Nikijibu, si itakuwa imekwisha?” Akapangusa meza isiyokuwa na vumbi. “Watu huniandikia, binti. Kuna mama mmoja wa Peru, kila mwaka ananiuliza mbona taa ya kijani haiwaki. Mwaka huu zimekuja barua kumi na moja. Za matusi ni nne tu.”

Hakuna barua nyingine alizokuwa akipata.

Pei-jung akafungua kompyuta, akamwonyesha lile neno.

“Lisome kwa sauti,” mzee akasema.

“Tan-sait.”

Mzee akacheka hadi akakohoa. “Umesoma mpaka ukapitiliza. Bibi yako akitaka umngoje, anakwambiaje?”

“Anasema tan tsit e...” Yaani, ngoja kidogo. Alikuwa amelisikia tangu mgongoni mwa bibi yake, ila hakuwahi kuliona limeandikwa kwa herufi hizi. Katika lugha ile ya nyumbani watu husema tu, hawaandiki.

“Mke wangu alikuwa akiniita nije kula, namjibu tan tsit e. Siku moja akasimama hapo mlangoni na mwiko. ‘Hicho kidude chako nacho kiambie kingoje, labda kimeamka na baridi kama mimi.’ Nikakiambia. Nusu sekunde. Hakikugoma tena.” Akazungusha kikombe. “Yeye alingoja zaidi ya hapo.”

Pei-jung akairudisha ile nusu sekunde katika kiendeshi chake. Chini ya kila badiliko huandikwa majina ya waliochangia, kwa hiyo akauliza, “Mama aliitwa nani?”

“Yeh Su-gim. La nini?”

“Yeye ndiye aliyependekeza. Panatakiwa na anwani ya barua pepe.”

“Weka yangu,” mzee akasema. “Wakimwandikia, nitawajibu mimi.”

Kisha akavuta kompyuta, na kwa kidole kimoja akaandika ridhaa yake: kifutwe.

Lilibaki jaribio. Kompyuta ya zamani ya mzee, yenye kidude kile, ilipaswa kulala kwenye baridi hadi asubuhi, ndipo ionekane kama kidude kitaamka.

“Basi lala hapa,” akasema, akiweka ufunguo mezani. “Dirisha la jikoni liache wazi, unyevu uingie. Asubuhi uniandikie.”

“Nitakuandikia, baba mkubwa.”

Gari likasimama nje. “Baba!” binti yake akaita.

Pei-jung alimtazama mzee, akingoja jibu lile la tan tsit e. Lakini mzee alikuwa ameshachukua kofia yake. Aliitwa mara moja tu, akaenda.

Gari lilipopotea, Pei-jung akarudi ndani, akafungua dirisha la jikoni, akaketi kati ya maboksi bila kuvua koti.