Mama Hali Mpaka Nile

Nilikuwa mnene, tena mnene hasa. Bodaboda wa Mwisenge wakiniona nimesimama barabarani walianza kutegeana nani anibebe. Nilishazoea. Kule kijijini kwetu Buswahili, mama yangu aliwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake wa Musoma anakula vizuri, na wakitaka ushahidi, nikienda kumtembelea ananisimamisha wanione.

Kisha sukari ikapanda, presha nayo, na mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Muuguzi wa kliniki, dada mmoja asiyejua kubembeleza mtu, akaniambia niwe nakula kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni tu. Baada ya hapo maji. Nilimchukia. Njaa ya saa mbili usiku, wakati jirani anakaanga sato, ni kitu kibaya, nisikudanganye. Lakini nilishika. Miezi ikapita, sketi zikaanza kunipwaya, sukari ikashuka, na asubuhi moja nikahisi ubaridi wa sakafu kwenye kidole gumba. Nililia peke yangu kwenye kiduka changu kwa furaha.

Hapo ndipo mama akaja kukaa kwangu. Presha ilikuwa imemsumbua, akapewa vidonge vya kumeza kila jioni akishakula. Nilimpokea mlangoni nikamwamkia. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akauminya, akauachia.

"Umekwisha," alisema.

Nilijua anamwona nani. Kaka yangu alikuwa akinunua samaki kule ziwani Kisorya, akarudi nyumbani suruali ameifunga kwa kamba. Dawa za virusi vya UKIMWI zilikuwa hazijafika kwetu. Kila jioni alisukuma sahani akisema ameshiba, na mama akamlisha kwa kijiko mpaka mwisho. Tangu hapo, kwa mama, anayepungua ni anayeondoka.

Jioni ile nilimpikia ugali wa muhogo na mtama, na dagaa. Nikakaa naye na kikombe changu cha maji.

"Chako kiko wapi?"

"Nimekula mchana, mama. Nimeshiba."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Mama akafunika sahani yake.

"Basi na mimi nimeshiba."

"Una dawa za kumeza. Utamezaje tumbo tupu?"

"Na wewe utalalaje tumbo tupu mbele yangu?"

Nilidhani ni hasira za siku moja. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa. Nikajaribu kupika mapema ili tule pamoja saa kumi. Akaniangalia kama nimemtukana. Jua bado liko juu, alisema, yeye ale chakula cha usiku saa hizi, kwani amekuwa mgonjwa wa wodini? Nilimpigia kelele, Mungu anisamehe. Nilimwambia akinirudisha kula usiku ananiua. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nimeshazika mmoja aliyekuwaga anasema ameshiba," alisema. "Wewe sikuziki."

Nikampeleka kliniki. Muuguzi alimweleza kila kitu taratibu: sukari, mafuta ya mwilini, kwa nini saa za kula zinanisaidia. Nikapimwa virusi palepale mbele yake, sina. Mama alisikiliza ameshika mikono, akasema asante mwanangu, Mungu akubariki. Tulipofika barabarani akaniambia daktari wa kaka yangu naye alikuwaga anaongea vizuri hivyohivyo.

Jioni hiyo hakula. Dawa zake zilibaki kwenye pakiti pale juu ya kabati, na mimi nikawa kila nikipita naviona vidonge havipungui. Nilimbembeleza, nikamtania kwamba mgomo huu angeufanya kwa serikali tungekuwa na lami mpaka mlangoni. Alicheka kweli, kisha akafunika sahani.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa chini mlangoni pa jikoni, kichwa ameegemeza ukutani, ulimi mzito. Hospitali walisema presha ilikuwa juu kupita kiasi, na kwamba amepona kwa bahati tu. Ikijirudia huenda asinyanyuke. Walimtundikia maji, wakaniuliza kwa ukali kwa nini mzee hamezi dawa zake. Niliogopa sana siku ile, kuliko nilivyouogopa mguu wangu.

Aliporudi nyumbani nilipika saa mbili usiku, nikapakua sahani mbili. Nilikula kwa hasira, tonge baada ya tonge, machozi yanadondokea mboga. Mama naye alikula, akameza vidonge, akalala vizuri.

Sasa ni karibu mwaka. Presha yake imetulia, anatembea mwenyewe hadi kanisani na kurudi. Sketi zangu zimenibana tena. Ganzi imepanda hadi kifundo cha mguu, na kwenye unyayo nina kidonda ambacho sikukihisi kilipoingia. Leo muuguzi amekisafisha bila kunigombeza, na kwa mtu kama yeye hilo limenitisha kuliko maneno. Amesema wiki ijayo nionane na daktari wa upasuaji.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama ameshasonga ugali mwenyewe. Aliniminya mkono juu ya kiwiko, akatabasamu.

"Wamesemaje huko?"

"Wamesema naendelea vizuri, mama."

"Si nilikwambia," akasema, akanisogezea sahani. Nikanawa mikono.