Jina la Babu Katika Hitima

Nyumbani kwetu, nilipokuwa mtoto, kulikuwa na neno lililoogopwa kuliko matusi. Ukitukana ulipigwa kofi na mambo yakaisha. Lakini ole wako ulitaje jina la babu yangu, Athmani bin Kombo, halafu utangulize "marehemu". Bibi aliweka chini chochote alichoshika akakutazama mpaka ukaomba radhi, hata kama ulikuwa mgeni mwenye mvi zako.

Babu alikwenda vitani akiwa kijana, katika vita vile vikubwa vya Wazungu vya mara ya pili, akamwacha Bibi na mimba ya mama yangu. Habari yake ya mwisho ilisema ametekwa jangwani, akavushwa bahari na kufungwa kwa Wataliani. Baada ya hapo, kimya. Vita vikaisha, waliosalimika wakarudi, mama akakua, akaolewa, akanizaa mimi, na Bibi bado alisema, "Babuyo yuwaja." Makubadhi ya Babu yalikaa nyuma ya mlango wa nyumba yetu ya Kibokoni, na kila Ijumaa Bibi aliyapaka mafuta ngozi isikauke. Mimi kwa akili zangu niliamini amefungwa Ngome ya Yesu, kwa kuwa wazee walisema zamani palikuwa jela. Tukipita pale, watalii wakitoka langoni na kofia zao, nilichungulia nyuma yao nione kama naye hajatoka.

Sababu ya marufuku ile Bibi alinieleza siku moja akinisuka.

"Mtu hai akisomewa ya wafu, siku zake hukatika," alisema. "Huko aliko huanguka papo hapo, hata kama ameshika tonge."

Aliyasema kwa sauti ileile aliyonifundishia kupika wali. Kisha akanirudia kwa utani, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na yeye na bibi yake ni wake wenza. "Na wewe, mke mwenzangu, mumeo akija leo atakukuta na kichwa hiki? Hebu tulia."

Nilikuwa na miaka tisa mwaka niliofanya niliyoyafanya. Kila Alhamisi ya mwisho kabla ya Ramadhani, chuoni kwetu tulipokuwa tukisoma Kurani palisomwa hitima. Watoto tuligawana juzuu, Kurani ikasomwa yote kwa kikao kimoja, halafu mwalimu wetu, Mwalimu Zainabu, akayasoma kwa sauti majina ya wafu wa kila nyumba ili waombewe. Kila mtoto alitakiwa aje na karatasi ya majina ya kwao.

Hapo ndipo shetani aliponipata, na shetani mwenyewe alikuwa rafiki yangu Shirini. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, watu wao walitoka Bara Hindi tangu enzi za babu wa babu yake, na wafu wao walikuwa tele. Karatasi yake ilijaa mbele na nyuma. Yangu ilikuwa na majina mawili, na moja lilikuwa la ndugu yangu aliyeishi siku tatu tu.

"Kwenu hawafi?" aliniuliza.

Leo nacheka, mtu kuona aibu kwa uchache wa maiti. Siku ile sikucheka. Masikio yalinipata moto, nikaichukua penseli yake, na kabla sijafikiri nikaongeza jina la tatu. Nilijiambia kwamba karatasi ni nyingi na Mwalimu atachoka kabla hajaifikia yangu.

Mwalimu Zainabu hakuwa mtu wa kuchoka. Aliishika karatasi yangu, akayasoma yale mawili, akanitazama, akamaliza: "Athmani bin Kombo." Chumba kizima kikaitikia, "Allah amrehemu." Na mimi niliitikia. Mdomo wenyewe uliwafuata wenzangu, na neno lilikuwa limeshatoka nilipojua nimesema nini.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nakumbuka niliyatazama yale makubadhi nyuma ya mlango, nikaona yamebaki viatu tu.

Siku zilizofuata nilikuwa nikingoja. Mtu akipiga hodi, nilijua ni habari ya Babu. Honi ya meli ikilia kutoka Kilindini, nilijua ndiyo iliyomleta maiti. Ramadhani ikaingia, na jioni wenzangu walipokuwa wakigombania kaimati mimi nilikuwa naigeuzageuza moja kwenye sahani mpaka ikapoa. Nikapata homa. Bibi, ambaye ndiye niliyemkosea kuliko wote duniani, akasema nimepatwa na jicho. Akaandikiwa kombe, aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazikosha kwa maji na marashi ya mawaridi, akaninywesha mwenyewe huku amenishika kisogo. Nilizidi kuumwa. Niliona maneno ya Mungu yameingia ndani yangu na sasa yatakuta nilichokificha.

Siku ya saba ya homa, alasiri, Bibi alinikalisha kwenye mkeka chumbani kwake. Nyuma uani mama alikuwa akikuna nazi ya futari. Mlio wa mbuzi ya kukunia ulikuwa ukija kra, kra.

"Ndoo karibu," alisema. "Mbona siku hizi hunitazami usoni?"

Nilichokonoa ukili wa mkeka.

"Nimekufanya nini?"

Hilo ndilo lililonivunja, kwamba alidhani yeye ndiye mwenye kosa. Nikalia. "Nimemuua Babu," nikamwambia. "Nilimwandika kwa marehemu. Mwalimu akamsoma."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipoyafumbua nilimkuta ameushika mkono wangu, anautazama ulivyokonda, bangili imenipanda mpaka karibu na kiwiko. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akafungua sanduku lake, akatoa vitu viwili vilivyofungwa kwenye kipande cha kanga: tasbihi isiyokamilika, na barua ambayo haijafunguliwa.

"Hukumuua wewe," alisema. "Babuyo alikufa mamako hajaweza kukimbia."

Mlio wa mbuzi ukakoma.

Bibi akaendelea kama hakusikia. Baada ya vita alikuja mtu mmoja Mrabai, Mkristo, amevaa koti la jeshi. Alisema yeye na Babu walifungwa pamoja. Babu aliumwa kifua wakati wa baridi, akafa, wakamzika wenyewe. Waislamu waliobaki kambini walikuwa wawili tu, kwa hivyo yule Mrabai naye alisimama kwenye safu ili Babu asaliwe na watu watatu. Tasbihi ile Babu alikuwa akiitengeneza kwa kokwa za zeituni alizopewa kula, akizitoboa kwa msumari. Alifika ya ishirini na saba.

"Nikamwambia, baba, umekosea nyumba," alisema Bibi. "Hakubishana nami. Aliiweka hii barazani, akaenda zake. Na barua ikaja baadaye. Sijampa mtu anisomee."

"Kwa nini?" Aliyeuliza alikuwa mama, amesimama mlangoni, mikono nyeupe kwa nazi.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ningemkubali yule mtu, ningekalishwa eda, na eda ikisha ndugu zangu wangeniozesha mwengine. Sikumtaka mwengine. Nikajiambia, maadamu hajasomewa, hajafa."

Mama alijifuta mikono, akaichukua barua, akaipasua. Ilikuwa ya Kiingereza, kutoka jeshini, ndefu kidogo kuliko kiganja. Aliisoma kimya. "Jina ni lake," alisema. Halafu: "Mimi nimemngoja maisha yangu yote, mama." Alirudi uani, na kwa siku tatu hakusema na Bibi ila la lazima. Simlaumu. Alikuwa amefiwa na baba siku ile, na aliyemficha msiba alikuwa mama yake.

Bibi aliniambia nilete kalamu. Yeye alisoma Kurani lakini herufi za skuli hakuzijua.

"Andika," alisema. "Marehemu."

Nikaandika.

"Athmani bin Kombo."

Nikaandika. Alilitazama jina lile ambalo hakuweza kulisoma, akapitisha kidole juu yake. Ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza, bila sauti, mabega tu.

"Haya, mke mwenzangu," alisema. "Sote wawili tumefiwa."

Jioni ile nilikula kaimati sita. Nasema ukweli ulivyo, nilikuwa mtoto, na aliyefunguliwa nilikuwa mimi. Sheikh alipoulizwa alisema eda ya Bibi ilikwisha zamani, maana huhesabiwa tangu siku ya kufa wala si ya kupata habari. Bibi alijibu, "Nimesikia," kisha akavaa nguo nyeupe miezi minne na siku kumi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Makubadhi alimpa muadhini wa msikiti wa jirani.

Sasa umri wangu unaukaribia ule aliokuwa nao siku ile. Sijui kama kweli aliamini kwamba hitima humwangusha mtu hai. Nadhani alilazimika kuamini, kwa sababu hicho ndicho kilichokuwa kimemshikilia mumewe miaka yote ile. Ninachokijua ni kwamba alikuwa na njia moja tu ya kuniponya, na njia hiyo ilikuwa kumwacha Babu afe. Aliutazama mkono wangu akachagua. Nikiwaza hilo huwa naona haya, na huwa nampenda mpaka kifua kinaniuma.

Mwanangu anasema siku hizi makaburi ya askari hutafutwa kwenye simu. Nimemwambia atafute. Tasbihi ninayo mimi. Na kila mwaka kabla ya Ramadhani, naandika karatasi ya nyumba yetu, ambayo sasa imejaa mbele na nyuma kama ya Shirini. Jina la kwanza ni la Babu, la pili la Bibi. Nikifika kwenye lile la kwanza kalamu bado husita, kana kwamba mahali fulani kuna mtu ameshika tonge. Kisha naandika.