Kifaa cha Ishmael Kwenye Meza ya Benter

Kwa miaka kumi na mmoja Benter Achola ametengeneza simu na redio mjini Kisii, kwenye meza iliyo karibu na mlango wa duka la Mzee Yashwant, na katika miaka hiyo amesikia uongo wa kila rangi. Simu iliyotumbukia chooni huletwa ikisemekana imenyeshewa. Redio iliyorushwa ukutani na mume mwenye hasira huwa "imeanguka yenyewe tu". Benter habishani na mtu. Anafungua, anaangalia, na anajua.

Lakini mwaka jana alipigwa chenga. Mtanashati mmoja mwenye ulimi wa asali alikuja kuchukua simu, akataja jina la mwenyewe, rangi ya kava, hata picha iliyokuwa kwenye kioo. Benter akampa. Mwenyewe halisi akaja kesho yake. Mzee Yashwant alimtuliza mteja kwa simu mpya, kisha akasema bila kupaza sauti, "Benter, ya pili itakuwa ya mwisho." Hakuwa anatania, na Benter anaipenda hiyo meza yake kuliko anavyokubali kusema.

Ndiyo maana Jumatano hii roho ilikuwa juu juu. Mbele yake kulikuwa na kijisanduku cheusi chenye kioo kidogo na waya mbili zikining'inia. Abiria alikuwa amekisahau kwenye bodaboda ya Anyona wa Suneka, naye Anyona akakileta kitolewe betri aiuze. Sasa upande wa pili wa meza alisimama kijana mwembamba aitwaye Ishmael, jasho likimtiririka.

"Madam, hiyo kitu ni yangu. Nimeitengeneza na mkono yangu. Inapima kama maziwa imetiwa maji. Ni moja tu, hakuna ingine dunia mzima. Ijumaa natakiwa kuonyesha wafugaji wa Birongo."

Hadithi tamu. Tamu mno, Benter aliona. Kifaa pekee duniani, na siku mbili tu zimebaki! Isitoshe, Anyona ana domo. Stendi nzima ya Suneka ilikuwa imeshajua habari za kijisanduku na duka kilikopelekwa. Alimuuliza Ishmael ndani kuna nini. Akajibu sawasawa: betri ya simu kuukuu, kibao cha kijani, waya nyekundu. Haikumtosha. Hata yule mtanashati alijibu sawasawa.

Kwenye kaunta, Mzee Yashwant aliacha kupanga balbu, akawatazama.

"Na inafanya kazi?" Benter akauliza.

Ishmael aliinamisha uso. Masikio yake yaliwaka moto.

"Haijawahi," akasema polepole. "Hata siku moja. Nimeambia watu inafanya, lakini haiwaki. Kuna mahali nililehemu vibaya, nikaficha na rangi ya kucha ya dada yangu. Ile ya zambarau. Madam, usiniambie umeona."

Benter alikuwa ameona. Asubuhi alikuwa amekifungua, akakuta tone la zambarau limefunika kiungo kibovu kuliko vyote alivyowahi kukutana navyo, na kifaa kimekufa kabisa. Tapeli angekisifu. Angesema kinawaka, kinapima, kinaimba. Aibu kama ile angeijua mwenyewe tu. Benter alifurahi mpaka akacheka kwa sauti, na wala hakuomba radhi.

"Mzee, huyu ndiye mwenyewe," alimwambia Yashwant.

"Una uhakika, Mama?"

"Mia kwa mia."

Yashwant akamwangalia kidogo, kisha akarudi kwenye balbu zake. Benter akamsukumia Ishmael kigoda.

"Kaa hapo. Ama unataka kupelekea watu wa Birongo maiti?"

Aliikwangua ile zambarau yote, akapasha moto chuma cha kulehemu, akayeyusha risasi na kuunga waya upya taratibu. Kioo kikameta, kikazima, halafu kikawaka kabisa, na sifuri tatu zikajipanga.

Ishmael alijishika kichwa. "Madam! Umeirekebisha!"

Benter alitaka kukubali, kama anavyokubali kila siku. Lakini kurekebisha ni kukirudisha kitu kilivyokuwa, na hiki hakikuwahi kuwa hivi. Miaka kumi na mmoja amefufua vitu vya watu. Hiki alikuwa amekizalisha. Akavua miwani, akaomba akishike tena kidogo kabla hakijaenda.