Ng'ombe wa Maduhu katika Zizi la Bethlehemu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa mara mbili kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa Nassa, kwenye karakana ya misheni, na aliyenifukuza ni Bruda, mtawa aliyesimamia uchoraji na uchongaji wa vitu vya ibada. Alinipa ubao na kipande cha mkaa, akasema nichore ng'ombe. Mimi mtoto wa Kisukuma, nimekulia machungani, nikaona hiyo kazi ya dakika mbili. Nikachora, nikampelekea.

"Huyu wa nani?" akauliza.

"Wa nani vipi, Bruda? Ni ng'ombe tu."

"Ng'ombe tu bado hajazaliwa. Futa, utoke."

Nikafuta, nikachora mwingine mwenye pembe kubwa zaidi. Akauliza vilevile, akanionyesha mlango. Nilikwenda kwa hasira hadi kwa baba yangu mdogo, nikamchora ng'ombe wake jike mwenye nundu iliyolalia upande. Niliporudi Bruda alicheka kwa mara ya kwanza. "Huyu namjua. Juzi alikula mihogo yetu. Mungu hakuumba ng'ombe kwa jumla, kijana, aliumba mmoja mmoja. Kesho uwahi."

Nawaandikia ninyi vijana haya kwa sababu siku hizi Bariadi picha ya kanisani inatoka kwenye mashine. Unamwambia mtu wa kompyuta, anaichapa kwenye turubai la plastiki, unapimiwa kwa mita kama kitambaa cha pazia, jioni Bwana Yesu ananing'inia ukutani. Sisemi ni dhambi. Ila mimi nikiingia kwenye kanisa la namna hiyo siwezi kutulia kwenye benchi, na mke wangu hunivuta koti nikae.

Kazi yetu ilianza na ukuta. Lipu mbichi huigusi, unaiacha ikauke hata wiki sita, la sivyo chumvi inatoka na kubandua rangi. Kisha unapiga msasa, unapaka maji ya gundi ili ukuta usinywe rangi yote. Halafu unapiga uzi: unapaka uzi unga wa mkaa, unaukaza toka upande hadi upande, unauvuta na kuuachia, unaacha mstari. Ukipata miraba sawasawa, mchoro mdogo wa daftarini unauhamishia ukutani mraba kwa mraba. Rangi ya mafuta tulipaka kwa mikono, maana yake safu: mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bruda alikuwa mkali sana hapo. "Nyeusi haifi kwa mkono mmoja," alisema. "Ukipaka rangi nyepesi juu ya nyeusi mara moja tu, nyeusi itangoja uzeeke, halafu itatoka." Neno hilo mliweke akilini.

Asubuhi tulisali kwanza kabla ya kugusa brashi, na hilo sikulipenda, nilitaka kazi. Bruda aliniambia kuchora ndiyo sala yenyewe, ila mtu mwenye haraka husali vibaya. Nilikaa kwake miaka mingi. Nilijifunza kuchora Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne, na kila askari aliyempiga Yesu alikuwa na sura niliyoiona mahali fulani. Watu walikuja kujitafuta ukutani. Mama mmoja muuza dagaa alijiona kwenye kituo cha Veronika, yule aliyempangusa Yesu uso, akaanza kuja kanisani amevaa khanga mpya.

Kutoka Nassa nilihamishiwa Bariadi, chini ya Padri Paroko, mtu wa mbio. Alikuwa na pikipiki na vigango vingi, yale makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia, na vyote alitaka vipambwe. Bruda alikuwa akiniambia ngoja, huyu akaniambia kimbia. "Fundi, Krismasi haingoji rangi ikauke," alisema kila tulipokutana. Nami, kusema kweli, nilimfurahia. Damu yangu ilichemka kama yake.

Ndivyo nilivyofika kwenye kigango kimoja upande wa Lingeka. Kanisa lilikuwa jipya, na ukuta wa nyuma ya altare ulikuwa mtupu. Nilitakiwa kuchora zizi la Bethlehemu. Nilipewa malazi kwa Mwenyekiti wa kigango, mtu mzito, mwenye pamba nyingi na ng'ombe wengi zaidi. Alinitunza. Kila asubuhi mkewe aliniletea kibuyu cha maziwa, na mimi, kwa desturi ya Bruda, nikaenda zizini kutafuta ng'ombe wa kuchora.

Nilimpata. Jike mweupe mwenye baka jeusi ubavuni mfano wa jembe lisilo na mpini, pembe ya kushoto imeinama, sikio la kulia lina pengo. Niliketi na daftari asubuhi tatu mfululizo. Nilimweka kulia kwa hori, pua yake karibu na Mtoto, na mpaka leo nasema ndiye ng'ombe bora niliyewahi kumchora.

Majilio yakaanza, zile wiki nne kabla ya Krismasi, watu wakaja kutazama. Maduhu naye akaja. Huyu alikuwa mfugaji, mwenye mambo yake ya mizimu ya ukoo. Mkewe ndiye aliyekuwa Mkristo, na ndiye aliyemwambia kanisani kuna ng'ombe. Maduhu aliingia na fimbo yake, akasimama katikati, akavua kofia. Kisha akapiga mluzi, ule wa kumwita ng'ombe arudi. Aliupigia ukuta. Watu walicheka, ila yeye hakucheka.

"Mwangaluka, fundi," akanisalimia. "Huyu ulimwona wapi?"

Mlangoni Mwenyekiti alikuwa ameshika benchi, analiingiza. Aliliacha hewani. Nilielewa mara moja ng'ombe yule ni wa nani, maana huku kwetu mtu anamjua ng'ombe wake kama mwalimu anavyojua mwandiko wa mwanafunzi. Nikasema, "Nimemtoa kichwani, mzee."

"Kichwani." Akasogea. "Na hili sikio lililong'atwa na fisi akiwa ndama, mimi nikimfukuza kwa kijinga cha moto, nalo limetoka kichwani mwako?"

Alinieleza kwa sauti ya kawaida kwamba ng'ombe huyo alipotea msimu wa mvua uliopita, na kwamba yeye alifuata nyayo siku mbili hadi mtoni zikapotea. Kisha akasema atakuja Jumapili kumwangalia tena.

Akaja. Akaketi benchi la nyuma, macho ukutani, ila masikio hayana kifuniko, na akawa anasikia. Jumapili ya pili akaja tena. Ya tatu akamfuata Katekista, mwalimu wa dini, akamwambia, "Huyo mliyesema amezaliwa karibu na ng'ombe wangu, nataka nimjue ni mtu gani." Katekista alinisimulia huku machozi yanamlengalenga. Mkewe Maduhu alikuwa amesali kwa ajili ya siku hiyo tangu aolewe. Nami badala ya kufurahi nilikosa usingizi, kwa sababu nilijua mtu huyu ameletwa kwa Mungu na ng'ombe wake aliyeibiwa, na ng'ombe huyo nakunywa maziwa yake kila asubuhi.

Mwenyekiti naye hakukawia. Alinikuta nasafisha brashi. "Fundi, tangu uje hapa umekunywa maziwa ya zizi gani?"

"La kwako, Mwenyekiti."

"Basi. Mimi nasikia ng'ombe wa Bethlehemu walikuwa wa kahawia." Akaenda zake.

Alikuwa amekwisha kumpata Padri Paroko, na sababu aliyompa ilikuwa nzuri. Paroko alifika kwa pikipiki, hata injini hakuizima. "Fundi, watu wanaangalia ng'ombe badala ya Mtoto. Mpake kahawia tusonge mbele, Krismasi ni keshokutwa."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi moja ingetosha. Sikuisema. Niliogopa kulala nje, niliogopa kazi ya vigango vingine, niliogopa uso wa yule mzee. Nilichanganya kahawia, nikaongeza mafuta ya taa ikawa nyepesi, nikampaka mkono mmoja. Sikio nikaliziba pengo. Mpaka leo sijui kama mkono wa pili uliniponyoka kwa haraka, au kuna kitu ndani yangu kilichokataa.

Siku ya Krismasi Maduhu alikuja amevaa shati jeupe. Alitazama ukuta muda mrefu, wimbo wa kuingia ukaisha yeye bado kasimama. Halafu akanigeukia mbele ya watu wote. "Kumbe humu ndani ng'ombe hubadilika rangi. Na huyo mtoto mnayemsema, kesho mtampaka nini?" Akatoka, na hakurudi. Mkewe alibaki benchini peke yake, na niliona aibu hata ya kumsalimia.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimechora Bariadi, nimechora huko Busega na Meatu. Ukiingia kanisa la huku ukakuta zizi la Bethlehemu lina kondoo wengi na ng'ombe hata mmoja hakuna, jua ni mkono wangu. Wafugaji walinitania kwamba nimeacha kula nyama. Mapadre walibadilika, eneo letu likawa mkoa, mashine za turubai zikaja. Mkono ukaanza kutetemeka, nikaweka brashi chini. Walinifanyia misa, wakanipa kiti cha kupumzikia, na kiti hicho sijakikalia hata nusu saa. Nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mke wangu alidhani ni uzee, lakini mimi nilijua ni nini.

Mwaka huu Paroko mpya, kijana, akanitumia picha kwenye simu na maneno haya: "Mzee wetu, ng'ombe wako wa Lingeka ana ugonjwa wa ngozi. Uje umtibu, au tutundike turubai juu yake?" Niliikuza picha kwa vidole viwili. Ndani ya ile kahawia lilikuwa limetoka jembe jeusi lisilo na mpini. Niliondoka na basi la asubuhi, hata dawa ya presha niliisahau.

Sikupaka kitu. Nilichukua tapentaini, kitambaa na kisu butu, nikaanza kuivua kahawia taratibu, kidole kwa kidole. Mke wa Maduhu, sasa bibi, alikuwa anafagia. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, naomba umlete mzee wako." Aliniangalia sana kabla ya kuweka ufagio chini.

Mwenyekiti yu hai. Aliacha uenyekiti zamani, ila bado ana kiti chake karibu na mlango, na siku hiyo alikuwepo, ameshika mkongojo. Maduhu alipofika hakuingia. Alisimama kizingitini. Nikasema mbele ya Paroko na mbele ya wote wawili, "Mzee Maduhu, nilimwona kwenye zizi la huyu hapa. Nilikunywa maziwa yake. Nilikudanganya ndani ya nyumba ya Mungu, kwa sababu ya woga tu."

Mwenyekiti alitazama miguu yake. Kisha akasema taratibu, "Ni kweli. Nilijua si wangu."

Maduhu akaingia. Alipita karibu na kile kiti bila kukitazama, akafika ukutani, akainua fimbo. "Sikio," akasema. Nikachukua kisu, nikakuna pale ncha ya fimbo ilipogusa, pengo likafunguka. Akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani yamekwisha, na machozi yangu yalikuwa tayari. Lakini fimbo haikushuka. Ilisogea kushoto, ikasimama juu ya hori.

"Na huyu mtoto, ulimwona wapi?"

Nilimtazama Mtoto wangu. Mashavu ya mviringo, mikono miwili imenyooshwa sawasawa. Nilikuwa nimekaa asubuhi tatu kwa ajili ya ng'ombe, na yeye nilimmaliza kwa saa moja, kutoka kwenye mazoea. Sauti ya Bruda ilinijia wazi kabisa: huyu wa nani?

"Huyu sijamwona, mzee," nikasema. "Yeye ndiye niliyemtoa kichwani."

Maduhu akaketi kwenye benchi la mbele, akalaza fimbo magotini. "Basi nenda ukamtafute, ng'wanawane, mwanangu. Ng'ombe nimemngoja miaka yote hii. Na mtoto naweza kumngoja."

Niliacha vifaa vyangu chini ya ukuta, nikachukua daftari na penseli tu, nikatoka kwenda kumtafuta.