Kanga Yangu Haijambo?

Wanawake wenzangu wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika hapa Guangzhou, wakiona wivu, wanamwonea mtu. Shoga yangu muuza viatu aliwahi kumfuata mumewe hadi mlango wa hoteli, akamkuta na mwanamke mwenye midomo myekundu, wakatukanana mpaka walinzi wakaja. Mimi sikupata bahati hiyo. Mume wangu alinipa makumbusho. Vijumba vidogo vya wilaya huko jangwani, karibu na mpaka wa Mongolia, vyenye matandiko ya ngamia na kengele zilizoota kutu. Mwanamke unaweza kumvizia ukamvuta nywele. Tandiko la ngamia utalifanya nini?

Yeye alikuja Guangzhou kwa ufadhili, kusoma historia, nami nikamfuata. Kwa kuwa vitabu haviliwi, nikaanza kununua mashuka na vitenge na kuvituma nyumbani Singida. Taratibu nikapata wateja, nikapata wakala wa mizigo asiyenizungusha, na bosi wa kiwanda aliyeijua sauti yangu kabla sijasema jina. Mume wangu naye akachagua kuandika juu ya makumbusho madogo, yale yasiyokuwa na wageni. Kila likizo alipanda ndege pale Baiyun akapotea huko kaskazini, akarudi midomo imepasuka na mchanga ndani ya soksi, na uso wa mtu aliyeshiba kwa watu.

Namwekea ugali, yeye anaanza hadithi. Kuna ndoo ya mbao, ilikuwa ya bibi mmoja, akikamulia ngamia. Kuna sufuria iliyovuka jangwa mara nyingi ikining'inia ubavuni mwa mnyama. Anaeleza ufa wa ndoo ile kwa mapenzi, anauchora mezani kwa kidole. Mzigo wangu unaweza kuwa umekwama bandarini Huangpu wiki nzima na wakala hapokei simu, asiulize. Nikimwambia, anasema "pole," kisha anarudi kwenye ndoo.

Nilikuwa na wivu mwingine pia, wa zamani kuliko huo, na huo sikuuzungumza na mtu. Pale kwenye jengo la maduka ya jumla sisi Watanzania tunaitana kwa watoto. Huyu Mama Fulani, yule Mama Nani, na hata yule aliyemwacha mwanawe kwa bibi yake miaka na miaka bado anaitwa mama wa huyo mtoto. Mimi nilikuwa dada wa mashuka. Niliolewa kabla ya wengi wao, nikahudhuria ubatizo wa watoto wao, nikanunua zawadi. Na mtaani kwetu wapo mabibi wa Kichina wanaokwenda sokoni na wajukuu mgongoni, wamewafunga kwa kitambaa chenye mikanda minne. Nikikutana nao kwenye lifti nilikuwa nasoma simu, hata kama haina kitu.

Mama yangu hakuwahi kuniuliza habari za mtoto. Ana adabu zake. Alichokuwa akiuliza, kila akipiga simu kutoka Singida, ni hiki: "Kanga yangu haijambo?"

Nami najibu, "Haijambo, mama. Inakusalimia."

Kanga yenyewe ni upande mmoja wa doti. Ndiyo mbeleko iliyonibeba mimi wakati mama akipalilia alizeti, nikalala humo, nikakojoa humo, nikapona surua humo. Siku naondoka alinipa upande huo, akabaki na wa pili. Alinishikisha mkononi mbele ya shangazi zangu akasema, "Hii itambeba mjukuu wangu. Isitangulie kubeba mtoto wa watu." Niliikunja nikaiweka chini kabisa ya mfuko wa shangazi kaja, mfuko ukakaa chini ya kitanda. Sikuwa naitoa kuitazama. Ilitosha kujua ipo.

Mwaka ule mume wangu alikuwa anamalizia kuandika, akasema anakwenda kuwaaga watu wake wa jangwani. Watu wake! Ilikuwa wiki ile ya sikukuu ya mwezi wa kumi, viwanda vinapofungwa na Xiaobei inapopoa. Shoga yangu muuza viatu akaniambia, "Si uende naye? Kamwone huyo mke mwenzio uso kwa uso. Huenda ni kizee, ukapumua."

Nikaenda.

Makumbusho ya kwanza yalikuwa na chumba kimoja na ngamia aliyejazwa majani, jicho moja la kioo limedondoka. Nilizunguka nikachoka kabla viatu havijapata joto. Kichina changu ni cha sokoni: najua kuuliza bei, kupunguza bei, kukataa, na kusema hakuna. Basi nikaona kizulia kizuri cha sufu, nikamwonyesha mlinzi, ulimi ukanitangulia: "Duoshao qian?" Bei gani? Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu aliona haya, akanivuta mkono kama mtoto aliyeomba pipi msibani.

Ya pili yalikuwa na mzee mtunzaji mwenye funguo kiunoni. Hapo ndipo nilipomwona mume wangu kwa macho yangu. Alichuchumaa mbele ya chungu kilichopasuka, akauliza. Kilikuwa cha nani? Kilibeba nini? Kilivunjika vipi, na aliyekivunja alisemwa? Mzee anajibu, yeye anatikisa kichwa, anauliza tena, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Sauti ile naijua. Ndiyo aliyokuwa akiniulizia mimi nyuma ya kanisa wakati tunachumbiana, akitaka kujua nilipokuwa mdogo niliogopa nini. Sikuwa nimeisikia miaka mingi, na sasa naisikia ikipewa chungu. Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo, nikakichukia kile chungu kwa moyo wangu wote.

Mji wa tatu ulikuwa wa mwisho kabla ya mpaka. Polisi walikagua pasi zetu, wakatutazama, wakazikagua tena. Makumbusho yalikuwa nyuma ya soko la matikiti maji, na tulipokaribia akatoka mwanamke wa rika langu, mtoto mchanga mkononi, anakimbia. "Laoshi! Laoshi!" Anamwita mwalimu. Akamwekea kigoda karibu na jiko bila kuuliza, akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, akatoa majani ya chai yale magumu kama tofali. Alijua mpaka kigoda anachopenda. Kumbe kizee chenyewe ndicho hiki, nikajisemea, na kina mashavu mekundu na kinanyonyesha.

Akanitazama, akasema neno refu kwa furaha. Mume wangu akatafsiri: "Anasema amekusubiri sana." Kisha akaongeza lake mwenyewe: "Njoo, kuna kitu nilitaka ukione mwenyewe bila kukuambia."

Alikuwa anatabasamu. Alinishika bega akanipeleka kwenye kabati la kioo la mwisho, lile lenye taa.

Ndani ilikuwa kanga ya mama.

Ilikuwa imepigwa pasi, imebanwa kwa pini kama pazia, maneno yake yakiwa kichwa chini. Ile sehemu ya pembeni iliyochanika kwenye mwiba wa boma letu, ambayo kila mwaka nilisema nitaishona, ilikuwa imeshonwa. Vishono vidogo, vya uzi uliotafutwa mpaka ukafanana na rangi. Nilisikia moto kuanzia miguuni.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwenye lile shangazi kaja la chini ya kitanda," alisema, bado anatabasamu. "Mwaka jana waliniomba kitu cha kwetu. Huwezi kuja kwa watu mikono mitupu kila mwaka, mke wangu. Na walitaka kitu kilichotumika. Pale kwetu kila kitu ni kipya, kiko kwenye nailoni. Kilichotumika kilikuwa hicho tu."

"Hukuniuliza."

"Nilidhani ni tambara la kufungia. Lakini tazama walivyoitunza!"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka mzima nilikuwa namjibu mama kwamba kanga yake haijambo, inamsalimia, na kanga iko huku mpakani inatazamwa na wauza matikiti. Nilitaka kumpiga mume wangu pale pale, lakini aliyenichoma zaidi ni yule mwanamke. Ameipiga pasi. Ameishona. Mimi mwenye mali niliiacha chini ya kitanda, na mgeni ameitunza kunishinda.

Sikuwa na Kichina cha kueleza hayo. Nilikuwa na kile cha sokoni. Nikajipiga kifuani, nikaelekeza kidole kwenye kioo. "Wo de," nikasema. Yangu. Alinitazama tu, nikaongeza neno ambalo mabosi wa kiwandani hunitupia mimi kila siku: "Bu mai." Haiuzwi.

Mume wangu akaanza kutafsiri kwa adabu, akijikwaa. Mwanamke hakumsikiliza. Alitazama uso wangu, akamhamishia mtoto mkono wa pili, akatoa ufunguo, akafungua kabati. Alichomoa pini moja moja. Kisha akaniuliza kwa mikono: inavaliwa vipi? Akaizungusha kiunoni kwake, akaiweka begani, akacheka, akakataa mwenyewe kwa kichwa. Mtoto akaanza kulia. Akambembeleza, mtoto akazidi.

Sijui nani aliyeniambia niinue mikono. Niliinama kama mama alivyokuwa akiinama, nikamwonyesha mgongo wangu, na yule mwanamke akaelewa, kwa kuwa hakuna mwanamke asiyeelewa mgongo. Akamlaza mtoto hapo. Nikaichukua kanga, nikairusha juu ya mtoto, nikaivuta chini ya makalio yake, nikaikaza, nikafunga fundo juu ya kifua, nikainuka. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo maishani, na mikono haikukosea mahali.

Fundo lilipokaza ndipo nilipomsikia mama: isitangulie kubeba mtoto wa watu. Ilikuwa imeshatangulia.

Mtoto alinyamaza. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri watoto walivyo, na wa moto. Nilitembea naye. Nilipita kwenye matandiko, kwenye kengele, kwenye ile ndoo ya mbao yenye ufa, ambayo kumbe ni kweli ni ndoo nzuri. Mwanamke alikuwa anapiga makofi na kunifuata na simu, anapiga picha. Nilimwonea wivu. Si kwa ajili ya mume tena. Mume angeweza kumchukua, na chupa ya chai ningemwongezea.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama kando ya kabati tupu. Sasa maneno ya kanga yalikuwa yamesimama sawa, na mtoto yumo. Yeye pia ni mtoto wa Singida, alibebwa hivyo hivyo shambani. Alivua miwani.

"Ni mbeleko," alisema.

Nilimrekebisha mtoto mgongoni.

"Ya mama?"

"Ndiyo."

"Sikujua, mke wangu."

"Hukuuliza," nikamwambia. "Ndoo ya bibi wa watu umeuliza ilikamua ngamia yupi. Chungu umeuliza nani alikivunja. Hiki cha chini ya kitanda chako hukuuliza kilibeba nani."

Alikaa kwenye kile kigoda chake, akaweka mikono magotini, na kwa mara ya kwanza ndani ya jumba la makumbusho hakuwa na swali.

Mtoto alilala. Nilizunguka tena, nikasema huu ndio mzunguko wa mwisho, nikazunguka mwingine. Mama yake alinisubiri bila kunihimiza, na hilo nalo likaniuma, kwamba ana utu. Mwishowe nilifungua fundo. Alimpokea mwanawe, akamlaza, akaikunja kanga vizuri, akanipa kwa mikono miwili kama tunavyopeana sisi kwetu. Nikavua kitenge nilichojifunga juu ya suruali kwa ajili ya upepo, nikampa. Ni cha kiwanda cha Guangzhou, lakini nacho sasa kilikuwa kimetumika.

Ndani ya ndege ya kurudi mume wangu aliniuliza mama alipalilia shamba lipi, lile la bondeni au la juu barabarani. Aliuliza kwa sauti ile. Niligeukia dirishani, nikamwacha angoje. Tulipotua Baiyun nilimwambia, "La bondeni."

Shoga yangu muuza viatu alitaka kujua kama nimemwona mke mwenzangu. Nikamwambia nimemwona, mzuri, na hana habari na mume wangu. Alisikitika kidogo, maana alikuwa amejiandaa kunisaidia kutukana.

Jumapili mama akapiga. Tuliongea habari za mvua, za bei ya alizeti, za shangazi anayeumwa miguu. Kisha, kama kawaida yake, akauliza, "Kanga yangu haijambo?"

"Haijambo, mama."

"Bado ipo chini ya kitanda?"

"Ipo," nikasema. Nilikuwa nimeishika. Inanuka maziwa, na moshi wa jiko la jangwani, na kichwa cha mtoto wa watu. Sijaifua.