Mwende wa Majaribio

Msinicheke sana. Mimi ni fundi wa kompyuta kwa ofisi moja hapa Machakos mjini. Wiki hiyo nilikuwa najaribu sheria za mtandao wetu wa ujumbe: nani aruhusiwe kundi gani, nani azuiwe. Nikafungua kundi la siri, nikabuni mfanyakazi anayeitwa Mwende, nikaruhusu yeye na mimi tu.

Kuandika "jaribio la kwanza, jaribio la pili" kulinichosha. Nikamfanya Mwende aniulize, "Umekula?" Nikajibu, "Bado." Tangu nihamie hapa, hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza. Basi kila saa ya chakula nilijifungia, nikaandika maswali yake, nikayajibu. Hata nilimwambia siku yangu ya kuzaliwa ilipita kimya. Akasema pole.

Ijumaa ukaingia kundini ujumbe ambao sikuuandika. Ulitoka kwa Mama Mbithe wa mapokezi: "Mutua, hii kitu yako tunasoma sisi wote tangu Jumatatu. Kuja jikoni, niko na sahani ya muthokoi."

Nilikuwa nimehakikisha Mwende anaingia. Lakini kama wengine kweli wanazuiwa, hilo sikulijaribu.

Nilipofika jikoni, niliwakuta wote mezani. Kisha bosi akaniuliza, "Na Mwende, amekula?"