Kengele Isiyolia

Mukagasana alikuwa mpiga chapa wa Kifaransa tangu usichana wake, na vidole vyake vilikuwa na sifa Kigali nzima. Lakini ule mwaka wa tisini na nne ulipokuwa unaishia, maofisi ya serikali mpya yakataka Kiingereza, tena cha kwenye kompyuta. Akajifunza Kiingereza kwa ukaidi, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

Siku ya jaribio la kazi katika ofisi moja pale Kimisagara sharti lilikuwa hili: andika barua, kompyuta iikague, urekebishe, karatasi itoke kabla ya saa sita, jenereta itakapozimwa. Nafasi ya kazi ni moja tu. Na nyumbani wajukuu waliobaki hai wanamngojea yeye tu.

Aliandika mbio. Akaitaka kompyuta ikague. Lo! Mstari wa kwanza: sentensi haijaisha. Wa pili: haijaisha. Hivyo hivyo mpaka chini. Akafuta yote, akaanza upya. Ikalalamika vilevile.

"Mama, hiyo mashine imekukataa kama mchumba," Karangwa wa meza ya pili akamchokoza.

"Andika yako wewe! Nimeshinda wakaidi kuliko hii."

Amwulize Kenny, kamwalimu ka kompyuta kalikorudi juzi tu kutoka Uganda? Abadani. Ila jenereta ikaanza kukohoa. Akamwita kwa mkono.

"Mwanangu, hebu nisomee hii."

Kenny akasoma. "Kiingereza kiko sawa, mama."

"Sasa mbona inanipigia kelele?"

"Andika kidogo, nione."

Akaandika. Kenny akatazama mikono. "Huo wa kulia unakwenda wapi?"

"Kushusha mstari. Kengele imelia."

"Kengele gani, mama?"

Mukagasana akatega sikio. Mashine zake za zamani, za taipu za umeme, zililia kengele ukingo wa karatasi ukikaribia, nawe unabonyeza kushusha mstari. Hapa ilikuwa inalia kichwani mwake.

"Hii inashuka yenyewe," Kenny akasema. "Ukibonyeza, inadhani umemaliza kusema."

Mukagasana akaondoa mikato yote ya mistari aliyoibonyeza, mmoja mmoja, mkono wa kulia ameukalia. Yakabaki makosa yake ya kweli, machache, akayarekebisha akinung'unika. Karatasi ikaanza kutoka, mstari kwa mstari. Lilibaki jina lake tu, jenereta ikazimika.

Akaichomoa, akaandika jina kwa kalamu, akampelekea Jovia, mkubwa wa ofisi.

Jovia akasoma, akageuza, akasoma tena. "Jumatatu uje kazini."

Mukagasana akapanda kilima kwenda kwa wajukuu, mkono wa kulia bado unarukaruka kushusha mstari ubavuni mwa kitenge.